Homoni, inflamesheni au gome la mti: ulinganisho wa dawa za tezi dume iliyokua

Mwanaume akishaambiwa kwamba tezi dume yake imekua na kwamba si saratani, nafuu ya kwanza hupita haraka. Bado anaamka mara tatu au nne usiku, bado anasimama chooni akisubiri mkojo uanze, na sasa kila mtu ana ushauri wake. Daktari amemwandikia finasteride. Mwenzake wa msikitini anamwambia dawa za homoni zitammaliza nguvu. Shemeji analeta unga wa gome uliofungwa kwenye karatasi. Na kwenye simu imeingia sauti ya mtu anayesema tatizo lote ni inflamesheni, yaani uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili: itibu hiyo tu, tezi itanywea yenyewe.

Katika kila kauli kuna ukweli kidogo, na ndiyo maana kuchagua ni kugumu. Hapa nalinganisha njia nne kwa vigezo vilevile: dawa zinazozuia homoni ya tezi, dawa za kutuliza inflamesheni, dawa za mimea, na dawa za kulegeza misuli ambazo ndizo wengi huanza nazo. Uamuzi wa mwisho ni wako na daktari aliyekupima. Nia yangu ni uingie kwenye chumba chake ukijua la kumuuliza.

## Tezi inakua kwa sababu gani

Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kwenye kibofu. Kwa kijana ina ujazo wa mililita 20 hivi. Umri ukisogea huanza kukua tena taratibu. Uchunguzi wa maiti umeonyesha kwamba kati ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60, nusu hivi wana ukuaji huo, na kwa waliovuka miaka 80 ni zaidi ya wanane kati ya kumi. Si wote wanaosumbuka. Wapo wenye tezi kubwa wanaolala usiku kucha, na wapo wenye tezi ya wastani wanaoteseka.

Kwamba homoni inahusika si jambo jipya. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji J. William White wa Philadelphia alichapisha ripoti ya wazee waliotolewa korodani ili tezi ipungue, na kwa wengi ilipungua kweli. Bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mwanaume yeyote kuilipa. Mwanga ulipatikana mwaka 1974, pale Julianne Imperato-McGinley na wenzake walipoeleza habari za familia za kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika. Humo walizaliwa watoto wa kiume ambao mwili wao haukuweza kuigeuza testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni, inayofupishwa DHT. Walipokuwa watu wazima walikuwa na misuli na sauti ya kiume, lakini tezi dume zao zilibaki ndogo. Maana yake, tezi inakuzwa na DHT, na DHT inatengenezwa na kimeng'enya kiitwacho 5-alfa reduktesi. Ukikizuia kimeng'enya hicho, huna haja ya kugusa korodani wala testosteroni yenyewe.

Inflamesheni nayo si hadithi. Ni hali ya chembe nyeupe za damu kujaa ndani ya nyama ya tezi na kukaa humo miaka, mara nyingi bila mgonjwa kusikia maumivu yoyote. Mwaka 2008 watafiti waliochunguza vinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vilivyokatwa ili kupimwa, vya wanaume zaidi ya 8,000, waliokuwa kwenye utafiti mkubwa wa dutasteride, mojawapo ya dawa za homoni, waliikuta inflamesheni sugu kwa zaidi ya robo tatu yao. Uhusiano wake na ukali wa dalili ulikuwepo, ila ulikuwa dhaifu. Utafiti mwingine mkubwa, unaojulikana kama MTOPS, ulionyesha kwamba wenye inflamesheni huwa na tezi kubwa kidogo na hatari zaidi ya mkojo kuziba.

Hapa ndipo watu wengi wanapotelezeshwa. Kuiona inflamesheni kwenye darubini ni jambo moja, kuwa na dawa iliyothibitika kwamba ukiitumia kwa miaka itakuepusha na upasuaji ni jambo jingine. La kwanza tunalo. La pili kwa upande wa homoni tunalo, kwa upande wa inflamesheni bado. Na inflamesheni hii kwa kawaida haitokani na vijidudu, kwa hiyo kumeza antibayotiki mfululizo bila kipimo cha mkojo kinachoonyesha maambukizi ni kupoteza hela na kuzoesha vijidudu dawa.

## Vigezo vya kupimia

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale: inafanyaje kazi, inachukua muda gani, ushahidi wake una uzito gani, madhara yake ni yapi, gharama yake ikoje, na inamfaa nani.

Lakini majibu hayana maana kama hujui mambo matatu kuhusu mwili wako mwenyewe. La kwanza ni ukubwa wa tezi, ambao ultrasaundi huutaja kwa mililita au gramu. Ukipewa karatasi ya majibu usiishie kusoma neno "imekua", tafuta namba. Zaidi ya 30 au 40 huelekeza upande mmoja, chini ya hapo upande mwingine. La pili ni ukali wa dalili. Kuna dodoso la maswali saba linalotumika duniani kote, IPSS, lenye alama 0 hadi 35: mpaka 7 ni dalili ndogo, 8 hadi 19 za kati, 20 na kuendelea ni kali. La tatu ni kipimo cha damu cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi ambayo ikipanda inaweza kuashiria saratani, pamoja na daktari kuipapasa tezi kwa kidole. Wanaume wengi wanakikwepa kipimo cha kidole. Kinachukua muda mfupi sana, na ndicho kinachoweza kumwonyesha daktari uvimbe mgumu ambao PSA pekee isingeutaja.

Ongeza na mkojo unaobaki kwenye kibofu baada ya kumaliza haja, ambao ultrasaundi hiyohiyo huonyesha. Kibofu kinachobaki kimejaa baada ya kukojoa hakitaki majaribio ya miezi.

## Njia ya kwanza: dawa za kuzuia homoni ya tezi

Inavyofanya kazi. Finasteride, kidonge cha miligramu 5 kwa siku, ilikubaliwa Marekani mwaka 1992. Dutasteride, miligramu 0.5 kwa siku, ikafuata mwaka 2001. Zote zinazuia kimeng'enya kile. Finasteride hushusha DHT kwenye damu kwa asilimia 70 hivi, dutasteride kwa zaidi ya 90. Pamoja na tofauti hiyo, zilipolinganishwa moja kwa moja kwa mwaka mmoja, tezi zilipungua kwa kiwango kilekile, kwa hiyo ile inayopatikana kwa bei unayoimudu inatosha. Testosteroni haishuki, hata hupanda kidogo. Hizi si sindano za homoni wanazochomwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume, ambazo huizima testosteroni kabisa. Watu wanazichanganya, na hofu kubwa inatoka hapo.

Muda. Hapa ndipo wagonjwa wengi huachana nazo. Tezi hupungua kwa robo hivi, lakini taratibu: miezi mitatu mpaka sita ndipo unaanza kuona nafuu, na wakati mwingine mwaka. Anayemaliza pakiti moja na kusema "haikunisaidia" hakuijaribu.

Ushahidi. Ni mzito kuliko wa njia nyingine yoyote hapa kwa swali la miaka ijayo. Mwaka 1998 matokeo ya wanaume 3,040 waliofuatiliwa kwa miaka minne yalionyesha kwamba finasteride ilipunguza hatari ya mkojo kuziba ghafla kwa asilimia 57 na ya kufanyiwa upasuaji kwa 55, ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa. Wote walikuwa na tezi kubwa, na jambo hilo lisisahauliwe. Kwa wenye tezi ndogo, chini ya mililita 25 au 30, faida hiyo hutoweka. Huwezi kupunguza kisichokuwepo.

Madhara. Tuyaseme wazi, maana ndiyo yanayozungumzwa kwa kunong'ona. Hamu ya tendo la ndoa inaweza kupungua, uume unaweza kushindwa kusimama vizuri, na shahawa kupungua. Katika utafiti huohuo wa miaka minne, mwaka wa kwanza wanaume 15 kati ya 100 waliotumia finasteride walipata shida za namna hii zilizohusishwa na dawa, dhidi ya 7 kati ya 100 waliomeza kidonge kisicho na dawa. Baada ya mwaka wa kwanza tofauti ya shida mpya ilitoweka. Kwa wengi hali hurudi dawa ikiachwa, ila wapo wanaolalamika kwamba haikurudi, na wachache hupata sonona au matiti kujaa na kuuma. Mwanaume anayepanga kupata mtoto amwambie daktari kabla. Mjamzito asiguse vidonge vilivyovunjika, kwani dawa inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Na ukitumia dutasteride usichangie damu mpaka miezi sita ipite tangu kidonge cha mwisho.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo mgonjwa mwenyewe analazimika kulibeba kichwani: dawa hizi hushusha PSA kwa nusu baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. PSA ya 3 kwa mtu anayetumia finasteride isomwe kama 6. Ukienda kupimwa kwenye hospitali nyingine na usiseme unatumia dawa gani, saratani inaweza kupita mbele ya macho ya daktari. Iandike kwenye kadi yako.

Gharama. Kidonge kimoja kwa siku, kwa miaka. Usiulize bei ya pakiti, uliza bei ya mwezi kisha uizidishe mara kumi na mbili, halafu uulize kama bima yako inailipia. Toleo lisilo na jina la kampuni kubwa hufanya kazi ileile.

Inamfaa nani. Mwenye tezi kubwa, mwenye dalili za kati au kali, anayetaka kujiepusha na kuziba na kisu, na mwenye subira ya nusu mwaka.

## Njia ya pili: dawa za kutuliza inflamesheni

Inavyofanya kazi. Hizi ni diclofenac, ibuprofen, celecoxib na ndugu zake, zilezile za mgongo na magoti. Zinazuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali zinazochochea inflamesheni. Kwa nadharia, zikituliza tezi, mrija wa mkojo unapumua.

Muda. Nafuu, ikiwepo, huonekana ndani ya wiki chache.

Ushahidi. Upo, lakini ni wa tafiti ndogo na fupi, za wiki nne hadi miezi sita. Zikijumlishwa, alama za IPSS zilishuka kwa karibu 3 kati ya 35 zaidi ya kidonge kisicho na dawa. Si haba kwa mtu anayeteseka. Lakini mfano mmoja unaonyesha mpaka wake. Watafiti wa Italia waliwapa wagonjwa finasteride pamoja na rofecoxib, dawa ya kundi hilihili, na kuwalinganisha na wa finasteride peke yake. Mwezi wa kwanza waliochanganya walikuwa mbele. Kufikia mwezi wa sita walikuwa sawa. Na rofecoxib yenyewe ilikuwa imeshaondolewa sokoni duniani kote mwaka 2004, kwa sababu iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Hakuna utafiti mrefu ulioonyesha kwamba dawa hizi huzuia tezi isikue au humwepusha mtu na upasuaji.

Madhara. Hapa nakuwa mkali. Wanaume wenye tezi iliyokua wengi wamevuka miaka 55, wengi wana presha au sukari, na baadhi yao figo zimeanza kuchoka kwa sababu ya mkojo unaorudi nyuma. Ndio hasa watu ambao diclofenac ya kila siku inaweza kuwatoboa tumbo, kuwapandisha presha na kuwamalizia figo. Tena kuna kinyume ambacho wauzaji hawakisemi: kibofu kinahitaji prostaglandini ili kijikamue vizuri. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2005 ulikuta kwamba wanaume wanaotumia dawa hizi walikuwa na hatari ya mkojo kuziba ghafla takriban mara mbili ya wasiozitumia. Dawa inayosifiwa kufungua njia inaweza kuifunga.

Gharama. Ni rahisi na zinapatikana kila duka la dawa, na urahisi huo ndio hatari yake. Mzee anaingia dukani:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, nipe ile ya tezi, mkojo unanisumbua."

"Chukua hii diclofenac, baba, inatoa uvimbe. Moja asubuhi, moja jioni."

Hajapimwa presha. Hajaulizwa habari za figo. Anaondoka na vidonge vya wiki mbili ambavyo atavinunua tena na tena.

Inamfaa nani. Mwenye sababu nyingine ya kuitumia, kama goti linalouma, kwa siku chache, figo na tumbo vikiwa salama. Pia mwenye maumivu ya nyonga au ya kutoa shahawa ambaye daktari ameona kwamba tatizo lake ni prostatitisi, yaani ugonjwa wa inflamesheni ya tezi wenyewe, ambao una matibabu yake tofauti. Kwa tezi iliyokua tu, miongozo ya madaktari wa mfumo wa mkojo haijaipa nafasi.

## Njia ya tatu: dawa za mimea

Mti mmoja kati ya hii ni wa kwetu. Prunus africana humea kwenye misitu ya milimani kuanzia Kameruni hadi Kilimanjaro, Mlima Kenya na Kakamega. Wakikuyu wanauita mũiri. Ukilivunja gome bichi na kulinusa linatoa harufu kali ya lozi chungu. Wazee walilichemsha kwa maradhi mengi tangu zamani. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza ya kimiminika chake kwa ajili ya tezi dume, na tangu hapo magunia ya gome yamekuwa yakisafirishwa Ulaya kutengenezwa vidonge. Mti uliobanduliwa gome mzingo mzima hufa ukiwa umesimama. Ndiyo maana tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Inavyofanya kazi. Gome lina beta-sitosteroli na kemikali nyingine ambazo maabara zimeonyesha hutuliza inflamesheni. Mmea mwingine maarufu, Serenoa repens, ni mti mfupi wa jamii ya minazi wa kusini-mashariki mwa Marekani. Matunda yake yanasemekana kuzuia kimeng'enya kilekile cha DHT na pia inflamesheni. Kwenye karatasi, basi, mimea inagusa pande zote mbili.

Muda. Mwezi mmoja hadi mitatu.

Ushahidi. Kwa gome letu ni wa kutia moyo lakini ni mchanga. Mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikusanya tafiti 18 zenye wanaume 1,562. Kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, kasi ya mkojo ikapanda kwa 23, na waliosema wamepata nafuu walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliomeza kidonge kisicho na dawa. Kasoro ni kwamba utafiti mrefu kuliko wote ulidumu siku 122 tu, na nyingi hazikuandikwa vizuri. Nasikitika kwamba mti unaotoka kwenye milima yetu bado haujafanyiwa hapa utafiti mkubwa wa miaka.

Serenoa ilifanyiwa huo utafiti, na ikaanguka. Mwaka 2006 wanaume 225 walifuatiliwa mwaka mzima, mwaka 2011 wengine 369 walipewa mpaka mara tatu ya dozi ya kawaida, na mara zote mbili haikuzidi kidonge kisicho na dawa. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya bado unairuhusu aina moja tu, ile iliyokamuliwa kwa kiyeyushi kiitwacho hekseni, kwa wanaume wanaoogopa madhara ya tendo la ndoa, na unamtaka daktari amwambie mgonjwa kwamba faida yake ni ndogo.

Madhara. Machache: tumbo kuchafuka, kichwa kuuma. Hatari kubwa haiko kwenye mmea, iko kwenye chupa. Unga usio na lebo hakuna ajuaye una nini na kiasi gani, na hauwezi kulinganishwa na vidonge vya miligramu 100 kwa siku vilivyotumika kwenye tafiti za gome. Kuna pia hatari ya muda, kwamba mtu anakunywa chupa baada ya chupa huku kibofu kikipoteza nguvu.

Gharama. Inatofautiana mno. Chupa za "tiba ya siku 30" zinazotangazwa redioni zinaweza kumgharimu mgonjwa zaidi kuliko finasteride ya mwezi.

Inamfaa nani. Mwenye dalili ndogo, aliyekwisha kupimwa na saratani ikaondolewa, asiyetaka dawa za homoni, na aliye tayari kurudi kupimwa baada ya miezi mitatu.

## Njia ya nne: dawa za kulegeza misuli

Hizi si za homoni wala za inflamesheni, lakini ulinganisho bila hizi ungekuwa na pengo, kwa sababu ndizo zinazoandikwa zaidi.

Inavyofanya kazi. Tamsulosin, alfuzosin, doxazosin na terazosin, kundi la alfa-bloka, hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya ndani ya tezi. Zinalegeza mshipi, hazipunguzi tumbo: tezi inabaki na ukubwa wake na inaendelea kukua.

Muda. Siku chache mpaka wiki mbili. Kwa mtu asiyelala, hilo si jambo dogo.

Ushahidi. Mzito kwa nafuu ya dalili, kwa tezi ndogo na kubwa. Kwa kuzuia kuziba na upasuaji kwa miaka mingi ni dhaifu: kwenye MTOPS doxazosin iliahirisha matukio hayo, haikuyaondoa.

Madhara. Kizunguzungu unaposimama, hasa kwa doxazosin na terazosin, ndiyo maana humezwa wakati wa kulala. Tamsulosin inaweza kufanya shahawa zisitoke, jambo linalowatisha wengi ingawa halina hatari. Kama unatarajia upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kwamba unatumia au umewahi kutumia dawa hizi, kwa kuwa mboni inaweza kulegea katikati ya upasuaji.

Gharama. Kwa jumla zinapatikana, na doxazosin huwa nafuu kuliko nyingine.

Inamfaa nani. Anayetaka nafuu ya haraka, mwenye tezi isiyo kubwa sana, asiye na historia ya kuanguka kwa presha kushuka.

## Zikichanganywa

Swali la "ipi kati ya hizi" wakati mwingine lina jibu la mbili. MTOPS, iliyochapishwa mwaka 2003 ikiwa na wanaume 3,047, ililinganisha doxazosin, finasteride, zote mbili, na kidonge kisicho na dawa. Kuzorota kwa ugonjwa kulipungua kwa asilimia 39 kwa doxazosin, 34 kwa finasteride, na 66 kwa waliotumia zote mbili. Alfa-bloka inakupa usingizi sasa, ya homoni inakulinda baadaye. Malipo yake ni madhara ya pande zote na bei ya dawa mbili. Baadhi ya madaktari huanza na mbili, kisha baada ya miezi sita au zaidi hujaribu kuiondoa alfa-bloka waone kama dalili zitarudi.

## Kulingana na hali yako

Kama dalili ni ndogo na hazikunyimi usingizi, kutotumia dawa kabisa ni chaguo halali. Punguza chai, kahawa na vinywaji kuanzia jioni, epuka vidonge vya mafua vinavyokausha kamasi kwa sababu vinabana mkojo, pimwa kila mwaka. Ukitamani kujaribu gome la mũiri lililofungashwa vizuri kwa miezi mitatu, huu ndio wakati wenye hatari ndogo.

Kama unaamka mara nne usiku lakini ultrasaundi inasema tezi ni mililita 25, dawa ya homoni itakupa madhara bila faida. Anza na alfa-bloka.

Kama tezi ina mililita 50 au zaidi na dalili ni za kati au kali, zungumza na daktari kuhusu dawa ya homoni, peke yake au pamoja na alfa-bloka. Zungumza na mke wako pia kabla ya kuanza. Wanaume wengi huacha dawa kimyakimya mwezi wa pili kwa sababu ya jambo la chumbani ambalo hawakuwahi kulisema kwa mtu.

Kama tendo la ndoa ndilo unalolijali kuliko yote, na tayari lina shida, uliza kuhusu tadalafil ya miligramu 5 kila siku, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2011 kwa dalili za tezi pia. Haiko kwenye ulinganisho huu kwa kuwa haipunguzi tezi, na ni marufuku kwa anayetumia dawa za naitreti za moyo.

Kama una figo dhaifu, vidonda vya tumbo, presha isiyotulia au ugonjwa wa moyo, iondoe kabisa njia ya diclofenac, hata kama majibu ya kinyama yameandika inflamesheni.

Kama majibu yako yameandika inflamesheni na tezi ni kubwa, yachukulie kama sababu ya kufuatiliwa kwa karibu na kutoichelewesha dawa iliyothibitika.

Na kama mkojo una damu, una homa na kutetemeka, mgongo unauma na unakonda bila sababu, mawe yamekutwa kwenye kibofu, au figo zimeanza kuvimba, ulinganisho huu haukuhusu kwa sasa. Unahitaji kuonwa na bingwa wa mfumo wa mkojo, kwenye hospitali kama Muhimbili, KCMC, Bugando au Kenyatta, na huenda upasuaji ndio utakaokusaidia zaidi kuliko kidonge chochote. Mkojo ukigoma kabisa na tumbo la chini likaanza kujaa na kuuma, usingoje asubuhi. Hospitalini watakuwekea mpira wa mkojo, mara nyingi watakuanzishia alfa-bloka, na baada ya siku chache wataujaribu kuutoa waone kama unaweza kukojoa mwenyewe. Swali la dawa ya muda mrefu litazungumzwa hapo.